Maswali ya Wasomaji: Chura, Mayai Yake na Maji ya Chumvi

Barua nyingi tulizopokea kwa toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: inakuwaje mnyama mwenye ngozi laini kama chura aishi karibu na bahari? Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Tulifundishwa kwamba chura akiingia baharini hufa. Je, chumvi ni sumu kwake? Mbona samaki hafi?

JIBU: Chumvi ikizidi mwilini humdhuru, ni kweli, lakini kinachotangulia kumuua ni kupotelewa na maji. Ngozi ya chura haina magamba wala manyoya, na maji hupita ndani yake kwa urahisi kwenda pande zote mbili. Ndiyo njia anayonywea: badala ya kutumia kinywa, hukalia sehemu yenye unyevu na kufyonza maji kwa ngozi ya tumbo la chini na mapaja. Sasa maji siku zote huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, jambo ambalo wanabaiolojia huliita osmosisi. Damu ya chura wa kawaida ina miliosmoli (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka) 220 hadi 250 hivi, na maji ya bahari takribani 1,000. Mtumbukize baharini, naye atanyonywa maji kama samaki aliyefukiwa kwenye chumvi ili akauke.

Kwa kipimo rahisi zaidi, bahari ina gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, na damu ya chura inalingana na maji yenye gramu 7 au 8. Uweke mpaka huo akilini, kwa sababu majibu mengi hapa chini yanaurejea. Chini ya mpaka huo maji huingia mwilini yenyewe, na kazi ya chura ni kukojoa mkojo mwepesi mwingi huku akizuia chumvi yake isipotee. Juu ya mpaka maji hutoka, na hapo chura wengi hawana la kufanya.

Samaki wa baharini mwenye mifupa hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi kupitia matamvua. Kasa na ndege wa baharini wana tezi maalumu za kutolea chumvi. Chura mzima hana matamvua, hana tezi hizo, na figo zake haziwezi kutengeneza mkojo mzito kuliko damu.

SWALI: Nimesikia kuna chura anayekula kaa kwenye mikoko. Kama hayo mliyoyaeleza ni kweli, huyu anaishije?

JIBU: Yupo, na jina lake la kisayansi ni *Fejervarya cancrivora*. Anaishi Asia ya Kusini-Mashariki, katika mikoko, mashamba ya mpunga na madimbwi ya pwani. Karibu na bahari hula kaa kwa wingi; ndani ya nchi hula zaidi wadudu. Mwaka 1961 watafiti Gordon, Schmidt-Nielsen na Kelly walichapisha vipimo vya chura hao kutoka Thailand, na vipimo hivyo ndivyo vilivyofungua mlango wa kulielewa jambo hili. Chura mzima alistahimili maji yenye gramu 28 hivi za chumvi kwa lita, yaani asilimia 80 ya ukali wa bahari.

Siri yake ni urea. Wanyama wengi huitoa urea mwilini kama taka inayotokana na protini. Chura huyu huitunza. Akiwa katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, damu yake ina miliosmoli 290 hivi. Akihamia kwenye maji yenye asilimia 80 ya chumvi ya bahari, damu hupanda hadi takribani 830: sodiamu na kloridi huongezeka kwa kiasi, lakini sehemu kubwa ya ongezeko ni urea, inayofikia milimoli 350 hivi kwa lita. Kiasi kama hicho kingemweka binadamu mahututi. Papa hutumia mbinu ya aina hiyohiyo.

Damu yake haisawazishwi tu na maji ya nje. Hubaki na ukali uliozidi kidogo ule wa maji hayo, na ziada hiyo ndiyo inayomwokoa, kwa kuwa maji huendelea kuingia mwilini polepole kupitia ngozi. Chura huyu hapambani na osmosisi, bali ameigeuza imtumikie. Wakati huohuo figo hupunguza mkojo, kwa sababu kila tone linalotoka lingeondoka na urea iliyotengenezwa kwa gharama. Urea yenyewe hutengenezwa kwenye ini, na vimeng'enya vya kazi hiyo huongezeka kadiri chumvi ya nje inavyozidi.

Jambo hilo linahitaji muda na chakula. Urea haijikusanyi kwa dakika chache, ndiyo maana chura anayepandishiwa chumvi hatua kwa hatua kwa siku kadhaa huishi pale ambapo mwenzake aliyetumbukizwa ghafla hufa. Na kwa kuwa naitrojeni ya urea hutoka kwenye protini, chura mwenye njaa hulazimika kuila misuli yake mwenyewe ili kuilinda damu yake.

Si yeye peke yake mwenye mbinu hii. Chura wa kijani wa Ulaya na Asia ya Magharibi, *Bufotes viridis*, huongeza urea na chumvi vilevile. Hata *Xenopus laevis*, chura wa kusini mwa Afrika anayefugwa katika maabara nyingi duniani, hukusanya urea akizoeshwa maji ya chumvichumvi, ingawa hafiki mbali kama yule mla kaa. Uwezo huo umo ndani ya amfibia wengi. Kinachotofautiana ni kiwango.

SWALI: Je, viluwiluwi wa chura huyo nao hutumia urea?

JIBU: Hapana, na hili ndilo linalotuvutia zaidi. Kiluwiluwi hutoa taka za naitrojeni kama amonia, moja kwa moja majini. Mitambo ya ini ya kutengeneza urea kwa wingi hukomaa anapokaribia kugeuka chura. Kwa hiyo kiluwiluwi wa *Fejervarya cancrivora* hufuata njia ya samaki: hunywa maji ya chumvi na kuisukuma chumvi nje kwa matamvua, huku damu yake ikibaki chini sana ya ukali wa maji yanayomzunguka. Anastahimili hadi gramu 39 hivi kwa lita, zaidi ya bahari yenyewe na zaidi ya wazazi wake.

Tatizo huja wakati wa kugeuka. Matamvua yanapotoweka, njia ya kutolea chumvi hufungwa kabla ile ya urea haijashika vizuri. Katika maji makali viluwiluwi hubaki viluwiluwi, wakisubiri mvua iyapunguze maji ukali. Mayai nayo hutagwa kwenye madimbwi yaliyopunguzwa ukali na mvua. Kwa maneno mengine, hata chura hodari kuliko wote baharini anategemea mvua mara mbili maishani mwake.

SWALI: Nyuma ya tuta la mchanga tuna bwawa dogo ambalo chura huzaliana kila msimu. Maji ya bamvua yalivuka tuta na kumwagikia ndani. Chura wakubwa wanaonekana wazima na bado wanalia usiku, lakini mayai yamekuwa meupe. Je, tusubiri au tufanye kitu?

JIBU: Fanyeni kitu, na msifarijiwe na sauti za usiku. Chura mzima anaweza kutoka majini, kujificha na kurudi. Yai haliwezi kwenda popote. Bwawa lenye chura wengi wanaolia na mayai yasiyoanguliwa ni bwawa linalokufa polepole, na kwa kuwa chura wakubwa huishi miaka kadhaa, watu hugundua wakati kizazi kimeshakatika. Ubora wa bwawa la pwani tunaupima kwa mayai.

Anzeni kwa kuyachunguza mayai hayo. Katika spishi nyingi zinazotaga majini, yai zima lina upande mweusi na upande mweupe, na likisharutubishwa hujigeuza ndani ya ute ili upande mweusi uelekee juu. Hilo hutokea ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Mayai yaliyolala ovyo, mengine meupe juu na mengine pembeni, saa nyingi baada ya kutagwa, hayakurutubishwa. Hapo chumvi iliwahi mapema: mbegu za kiume za chura huamka na kuogelea pale zinapokutana na maji mepesi kuliko mwili zilikotoka, na maji yakiwa makali hubaki zimelala. Yakiwa yaligeuka sawasawa kisha yakafifia, tatizo limekuja baadaye. Tazameni ute: katika maji baridi huvimba na kuwa wazi, katika maji ya chumvi hubaki umesinyaa, na kijusi hujikunja humo au hupinda mgongo. Utando wa kuvu kama pamba juu ya mayai kwa kawaida hufuata kifo. Msitumie dawa ya kuvu mkidhani ndiyo chanzo.

Kisha pimeni. Kifaa kizuri ni kipima upitishaji umeme cha maji, kile cha kuchovya. Maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita husoma takribani milisimensi 2 kwa sentimita katika nyuzi 25 za Selsiasi, na bahari husoma kama 53. Refraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, na kinachotumiwa na wafugaji wa samaki wa baharini, haifai sana hapa, kwa sababu chini ya gramu 5 kosa lake dogo linakuwa kubwa kulingana na mnachopima. Kama hamna kifaa, chujeni maji kwa kitambaa safi, pimeni nusu lita kamili, yachemsheni katika chombo safi mlichokwisha kukipima uzito, na mwishoni punguzeni moto sana ili chumvi isiruke. Pimeni tena chombo kikavu. Ongezeko la uzito mara mbili ndiyo gramu kwa lita. Mizani lazima isome sehemu ya kumi ya gramu.

Kosa linalorudiwa ni kupima juu tu. Maji ya chumvi ni mazito, huzama na kutulia chini, wakati maji baridi yanaelea juu yake. Chukueni sampuli juu, katikati na sentimita chache kutoka kwenye tope, mahali penye kina kikubwa kuliko pote, asubuhi kabla ya upepo. Kwa kuchukua maji ya chini, funikeni mdomo wa chupa kwa kidole au kizibo chenye kamba, mkiufungua pale chini.

Kwa spishi nyingi, chini ya gramu 2 hapana shaka kubwa. Kati ya 2 na 5 mayai ya baadhi huanza kupungua na viluwiluwi hukua polepole na kugeuka wakiwa wadogo. Zaidi ya hapo hasara huongezeka haraka, na mkivuka ule mpaka wa 7 au 8 wanabaki wale wachache walioumbiwa chumvi.

Sasa marekebisho, na hapa hesabu inaokoa kazi nyingi. Tuseme bwawa lina lita 10,000 na wastani wa gramu 9 kwa lita. Humo mna kilo 90 za chumvi. Mkitaka kufika gramu 3 kwa kuongeza maji baridi tu, mtahitaji lita 20,000 zaidi, na bwawa litafurika. Lakini tuseme vipimo vimeonyesha lita 4,000 za chini zina gramu 15 na lita 6,000 za juu zina gramu 5. Zile 4,000 za chini peke yake zimebeba kilo 60. Ziondoeni hizo, jazeni maji baridi kiasi kilekile, na yaliyobaki ni kilo 30 katika lita 10,000: gramu 3. Ndiyo sababu tunasisitiza kupima kwa tabaka.

Tumieni mpira mrefu wa kunyonyea, ncha yake ikifungwa kwenye kijiti ili ikae sentimita 5 juu ya tope, na ncha hiyo ifunikeni kwa wavu mwembamba viluwiluwi wasivutwe. Yavuteni maji polepole. Pampu kali huchanganya tabaka na faida yote hupotea. Maji hayo yaelekezeni upande wa bahari, yasirudi bwawani kwa mteremko. Kisha ongezeni maji ya mvua, au maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini iondoke. Kama mtambo wa maji wa kwenu hutumia kloramini (klorini iliyoungana na amonia), kukaa wazi hakutoshi; inahitajika dawa ya kuondoa klorini na kloramini inayouzwa kwa wafugaji wa samaki. Yamwageni taratibu juu ya ubao au jani pana ili yasitoboe tabaka. Kama kuna viluwiluwi hai, gawanyeni kazi kwa siku kadhaa: mwili uliozoea chumvi hushtuka pia ikiondolewa ghafla.

Baada ya hapo fuatilieni ukame. Jua huondoa maji na kuiacha chumvi, hivyo bwawa la gramu 3 likipungua nusu litakuwa na 6. Na tafadhalini msilete mayai au chura kutoka mabwawa mengine ili kuziba pengo. Mnaweza kuleta ugonjwa ambao chumvi isingeuleta. Chura wa hapo wakipata maji mazuri watataga wenyewe, na huenda wao ndio wanaoifahamu chumvi kuliko wageni. Chura wa miti wa kijani wa Marekani, *Hyla cinerea*, amepimwa: mayai na viluwiluwi wa jamii zinazoishi pwani hustahimili chumvi kuliko wale wa spishi hiyohiyo waliotoka bara.

SWALI: Chura niliyemwona ufukweni aligusisha tumbo kwenye mchanga, akaliinua, akasogea, akagusisha tena. Alikuwa anafanya nini?

JIBU: Alikuwa anaonja. Ngozi ya tumbo la chini ina neva zinazotambua chumvi, na chura akikuta unyevu mkali kupita mwili wake huondoka kabla hajapoteza maji mengi. Tabia ni kinga ya kwanza ya amfibia wa pwani, kabla ya urea. Chini ya matuta ya mchanga maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa hiyo hatua chache hutenganisha mchanga unaonywesha na mchanga unaokausha. Huko Uingereza chura *Epidalea calamita* huzaliana katika mabonde ya matuta hayo na hata kingo za juu za vinamasi vya chumvi. Salamanda (amfibia wenye mkia) wembamba wa jenasi *Batrachoseps* wamepatikana California chini ya magogo yaliyotupwa ufukweni na mawimbi.

Kibofu pia humsaidia. Mkojo mwepesi uliomo ni akiba, na mwili huweza kuyafyonza maji hayo upya homoni zikiamuru. Ukimshika chura wa ufukweni akakukojolea, umemnyang'anya akiba yake ya maji. Mwangalie bila kumgusa.

SWALI: Kama chumvi ni adui, chura walifikaje visiwani?

JIBU: Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba chura hawapatikani kwenye visiwa vilivyoota katikati ya bahari, kwa sababu maji ya bahari huwaua wao na mayai yao. Kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Lakini Mayotte, kisiwa cha volkano ambacho hakijawahi kuungana na bara, kina chura wa asili wenye ndugu zao Madagaska, na São Tomé ina chura na hata sesilia, amfibia wasio na miguu. Maelezo yenye nguvu ni kwamba walisafiri juu ya miti na mafungu ya mimea yaliyong'olewa na mito iliyofurika. Mto mkubwa ukifurika hutandaza maji mepesi juu ya bahari kwa umbali mrefu, na mvua humwagilia abiria njiani. Si lazima chura wengi wafanikiwe katika safari kama hiyo. Wachache wanatosha, ndani ya mamilioni ya miaka.

SWALI: Ni kweli chumvi hutibu ugonjwa wa kuvu wa chura?

JIBU: Kuna ukweli ndani yake. Kuvu anayeitwa *Batrachochytrium dendrobatidis*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999, hushambulia ngozi na kuvuruga upitishaji wa chumvi mwilini. Sodiamu na potasiamu ya damu hushuka hadi moyo kusimama. Kuvu huyo hapendi chumvi. Nchini Australia imeonekana kwamba gramu chache tu kwa lita, kati ya 1 na 4, hupunguza maambukizo na kuongeza uhai wa chura, na hilo husaidia kueleza kwa nini chura *Litoria aurea* amebaki katika baadhi ya mabwawa ya pwani huku akitoweka kwingineko.

Hata hivyo kiwango kinachomsumbua kuvu kinakaribiana sana na kile kinachoanza kuumiza mayai. Usimwage chumvi kwenye bwawa la asili. Kwa chura anayefugwa, kipimo na muda viamuliwe na daktari wa wanyama anayewajua amfibia, na chumvi isiwe ile ya mezani yenye viongezwa.

SWALI: Nikimkuta chura amekwama kwenye maji ya bahari, nimsaidieje?

JIBU: Lowesha mikono kwa maji baridi kwanza, bila sabuni, losheni wala dawa ya mbu. Msuuze kwa kummiminia maji baridi safi, kisha mweke kwenye chombo chenye maji ya kina cha sentimita moja hivi, yanayofika tumboni tu, ndani ya kivuli. Usimmiminie maji mdomoni. Atayanywa kwa ngozi. Badilisha maji hayo baada ya robo saa, kwa sababu yatakuwa yamechukua chumvi. Usimzamishe kwenye maji ya kina: chura aliyedhoofika huzama. Macho yaliyodidimia na ngozi inayobaki imekunjamana ni dalili za ukavu, na zikianza kuondoka ndani ya saa chache ana nafasi nzuri. Jioni mwachie upande wa nchi kavu wa tuta, chini ya majani yenye unyevu, karibu na pale ulipomkuta.